Kutazama pomboo na nyangumi bila kuwasumbua: mwongozo wa safari ya pwani kwa watu wa Arusha na Moshi

Mtu wa Arusha au Moshi aliyewahi kukaa kwenye gari la watalii anajua kinachompata duma aliyezungukwa na magari kumi: hawindi. Analala, anasubiri, swala wanaondoka, na siku yake imepotea. Ndiyo maana hifadhini kuna kanuni za kutotoka barabarani na kutomkatia mnyama njia, na dereva anayezivunja hupigwa faini. Cha kusikitisha ni kwamba watu walewale, wateja na waongozaji, wakishateremka pwani husahau yote hayo. Boti sita zinamzunguka pomboo mmoja na mtoto wake, watu wanashangilia, na hakuna anayeona kwamba huyu naye ni duma.

Mwongozo huu umeandikwa kwa familia, vikundi vya marafiki na waongozaji wa safari wanaotoka kaskazini kwenda Tanga, Pangani au Unguja kuwaona mamalia wa baharini. Msimamo wetu tunausema mapema. Baharini mnyama ndiye anayepanga umbali, na tabia ya boti huamuliwa nchi kavu, siku ya kupatana bei. Nahodha anayejua analipwa kwa kuwaonyesha pomboo atawafukuza. Anayejua analipwa kwa muda na kwa utulivu wake atawaacha wapumue.

Unakwenda kumwona nani

Anza na mkia. Mamalia wa baharini wana mkia uliolala, unaopiga maji juu na chini. Samaki ana mkia uliosimama, unaokwenda kushoto na kulia. Kwa kipimo hicho papa potwe, yule mkubwa mwenye madoa anayeonekana Mafia kati ya Oktoba na Machi, ni samaki, hata kama wauzaji wa safari humweka kapu moja na nyangumi.

Kwenye pwani yetu utakutana zaidi na hawa:

Pomboo wa kijivu mwenye pua fupi nene na pezi la mgongoni lililopinda kwa nyuma. Huyu ndiye anayeonekana sana Kizimkazi, karibu na ufuko.

Pomboo wa nundu. Pezi lake dogo limekaa juu ya kinundu kirefu mgongoni, na akija juu kupumua hutanguliza pua. Ni mwoga, hukaa maji mafupi, na kidunia yumo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Ukimwona, ongeza umbali kuliko tulioupendekeza hapa chini.

Pomboo wa kuzunguka, mwembamba, mwenye pua ndefu na rangi tatu: mgongo mweusi, ubavu wa kijivu, tumbo jeupe. Huruka na kujizungusha hewani kama pia. Usiku huenda maji makuu kula, na mchana husogea karibu na miamba kupumzika. Kumbuka hilo, kwa sababu saa unayomtembelea ndiyo saa yake ya kulala.

Nyangumi nundu, mwenye urefu wa mita 12 hadi 16 na mapezi ya ubavuni yanayokaribia theluthi ya mwili wake. Hutoka bahari ya baridi ya kusini, ambako hula uduvi, na kufika kwetu kati ya Julai na Oktoba kuzaa na kutafuta wenza. Wakiwa huku karibu hawali kabisa. Mama anamnyonyesha mtoto aliyezaliwa na urefu wa kama mita 4 kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini tu. Kila mara anapolazimika kukimbia boti anatumia akiba ambayo hana mahali pa kuirudisha mpaka afike tena kusini.

Nguva tunamtaja ili usidanganywe. Wachache waliobaki Tanzania wanahusishwa zaidi na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, na kundi la pwani ya Afrika Mashariki liko katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mtu akikuahidi nguva kwa pesa, mwache.

Wapi, na lini

Kwa mtu wa kaskazini njia ya karibu ni Pangani. Kutoka Moshi hadi Tanga ni karibu kilomita 350 kupitia Same, Mombo, Korogwe, Segera na Muheza, na ukianzia Arusha ongeza 80. Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni kama kilomita 50. Ukitaka Ushongo, vuka mto upande wa Bweni uendelee kusini. Boti za kwenda kisiwa cha Maziwe hutoka Pangani na Ushongo, na pomboo huonekana mara nyingi kwenye njia hiyo. Maziwe yenyewe ni fungu la mchanga lililo chini ya hifadhi ya bahari tangu 1975, kwa hiyo kuna kiingilio. Lipa kwa utaratibu rasmi na udai risiti.

Mto Pangani unaofika baharini hapo ni maji ya kwetu. Themi ya Arusha, Weruweru na Karanga za Moshi, zote huingia Kikuletwa, kisha Nyumba ya Mungu, kisha Pangani. Wakati wa masika mto hushuka na tope, maji ya mdomoni hugeuka rangi ya chai, na kuona pezi kunakuwa kazi ngumu.

Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ndipo penye jina kubwa zaidi. Boti hutoka Dimbani na Mkunguni, ndani ya eneo la hifadhi la Ghuba ya Menai. Pomboo ni wa uhakika zaidi kule, na usumbufu pia ni mkubwa zaidi. Hesabu zilizofanywa miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuta pomboo wa pua fupi wasiofika 200 na wa nundu kama 60 tu, na tafiti za baadaye zilionyesha kwamba boti za watalii zikiwapo pomboo hupumzika na kula kidogo, na muda wao mwingi huishia kwenye kuhama huku na huko. Kabla ya utalii, hadi katikati ya miaka ya 1990, wavuvi wa pale walikuwa wakiwavua pomboo kwa ajili ya chambo cha papa. Utalii uliwapa sababu ya kuacha. Hatuna nia ya kuwaambia watu wasiende Kizimkazi. Tunataka waende kwa namna ambayo pomboo hao watabaki.

Majira: Aprili na Mei acha kabisa, mvua na upepo vinaharibu kila kitu. Juni na Julai kusi huvuma kwa nguvu, na ingawa nyangumi wameshaanza kufika, bahari huwa na mawimbi yanayowatesa wageni. Septemba na Oktoba kusi imelegea na nyangumi bado wapo, kwa hiyo ndiyo miezi tunayoipenda kwa safari ya nyangumi. Kwa pomboo peke yao, Februari hadi katikati ya Machi, kaskazi inapopoa, bahari mara nyingi hulala kama maji ya beseni. Kabla ya kuondoka tazama tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ikitaja upepo mkali na mawimbi makubwa, usibishane nayo hata kama tiketi ya basi imeshalipwa.

Hesabu mwezi kabla ya kukata tiketi

Watu wa bara hupanga safari kwa wikendi. Bahari hupanga kwa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji huwa bamvua, yaani hujaa sana na kupwa sana, na tofauti hupita mita 3. Siku za bamvua kwenye pwani yetu maji hupwa karibu saa 4 hadi saa 5 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Katikati ya siku hizo za mwezi ni maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo.

Hili lina maana tatu kwa safari yako. Kwanza, Maziwe hufunikwa na maji bamvua linapojaa, kwa hiyo ukifika kwa saa mbaya hukuti kisiwa. Pili, kwenye fuko za kina kifupi kama Ushongo boti inaweza kushindwa kutoka au kurudi maji yakiwa yamekupwa, na nahodha aliyechelewa atakimbiza boti kuwahi maji, akipita katikati ya kundi bila kulijali. Tatu, siku za maji mafu unaweza kutoka saa 1 asubuhi bila haraka yoyote. Kwa kikundi chenye watoto au wazee, chagua maji mafu.

Toka asubuhi. Upepo huongezeka jua linapopanda, na kuanzia saa 5 au saa 6 mchana povu jeupe juu ya mawimbi huficha mapezi. Ukiona povu kila upande, huoni pomboo tena, unaona mawimbi tu.

Kupatana na nahodha

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usipafanye haraka. Nenda ufukweni jioni ya siku iliyotangulia. Salimia vizuri, kaa, zungumza. Boti iangalie kwa macho yako: jaketi okozi moja kwa kila mtu, na za watoto ziwe za watoto kweli, si za watu wazima zilizokazwa kamba. Uliza leseni ya kubeba abiria na idadi ya watu inayoruhusiwa. Uliza kama kuna mashine ya akiba au tanga, nanga yenye kamba ya kutosha, ndoo ya kukumbia maji, na simu iliyofungwa kwenye mfuko usiopitisha maji. Boti isiyo na vitu hivyo haifai hata kama nahodha wake ni mpole.

Kisha sema masharti yako wazi, kabla ya bei. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

«Shikamoo, nahodha.»

«Marahaba, karibuni.»

«Kesho tunataka boti kwa masaa matatu, kuanzia saa 1 asubuhi. Tutalipa masaa yote matatu, tukiwaona pomboo au tusipowaona.»

«Mtawaona tu. Nitawafuata mpaka muwaguse.»

«Hapana, baba. Kuwagusa hatutaki, wala kuogelea nao. Ukiwaona simama mbali kidogo, sisi tutazame. Wakikimbia, tunawaacha tunaenda zetu.»

«Haya. Hiyo hata mafuta yanapungua.»

Na kweli mafuta yanapungua. Boti inayofukuza kundi kwa saa nzima hunywa petroli nyingi kuliko inayosimama, na nahodha anafahamu hilo kuliko wewe. Mwenye boti akisisitiza kwamba wageni wote huogelea nao, kwamba ni lazima kuwazunguka pomboo ili watokeze, au kwamba yeye ana dawa ya kuwaita, mshukuru na utafute mwingine. Wapo manahodha wanaotaka kufanya kazi kwa utulivu na hawapati wateja wa kuwaunga mkono.

Usikubali bei ya «usipowaona hulipi». Inaonekana ni uungwana, lakini ndiyo inayozaa fujo zote. Inamweka nahodha mahali ambapo watoto wake hawali mpaka pomboo wakamatwe na macho yako.

Mwongozaji wa wageni, maneno haya wape kikundi chako hotelini usiku, si kwenye boti: hatuogelei nao, hatuwalishi, hatupigi kelele wala mluzi, hatugongi ubavu wa boti, hatusimami wote upande mmoja, na tunaweza kurudi bila kuona kitu. Ukiyasema baharini, mtu ameshavaa miwani ya kuzamia na hakusikii.

Cha kubeba

Darubini ya 7x50 au 8x42 inatosha. Ile ya 10x au zaidi hutetemeka mno kwenye boti. Kofia yenye kamba, shati la mikono mirefu, lita moja na nusu ya maji kwa mtu, na mfuko wa kurudishia taka zote. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku bara tangu Juni 2019, kwa hiyo tumia wa kitambaa au kikapu. Ndege isiyo na rubani iache nyumbani. Inahitaji kibali, na ikishuka chini mlio na kivuli chake huwashtua wanyama.

Kichefuchefu huwapata sana watu wa milimani. Muulize mfamasia vidonge vya safari na uvimeze kwa muda atakaokuambia kabla ya kupanda boti. Ukivimeza baada ya tumbo kuvurugika vimechelewa. Asubuhi kula kitu kikavu na chepesi, kama muhogo wa kuchemsha au mkate, na tangawizi inasaidia. Mtori na chai ya maziwa viache mpaka urudi. Baharini tazama mbali, kwenye mstari wa bahari na mbingu, na usishike simu.

Kwenye maji, hatua kwa hatua

Kwanza kipimo cha umbali, kwa sababu baharini jicho hudanganya na kila mtu hudhani yuko mbali kuliko alivyo. Fikiria uwanja wa Sheikh Amri Abeid, au wa Ushirika pale Moshi. Goli hadi goli ni kama mita 100. Goli hadi mstari wa kati ni kama 50. Viwanja vitatu vikipangwa kwa urefu ni 300. Pomboo: nusu uwanja. Nyangumi: uwanja mzima. Kuanzia viwanja vitatu, mwendo unabadilika.

1. Tafuta kwa macho, si kwa mashine. Nenda taratibu, jua likiwa mgongoni, kila mtu akiwa na upande wake wa kutazama. Shakwe na ndege wengine wanaojitupa majini kwa pamoja huonyesha samaki, na pomboo mara nyingi wako hapo. Nyangumi utamjua kwa moshi wa pumzi, unaosimama juu ya maji sekunde chache kisha kupotea.

2. Kuelekeza. Waongozaji wengi huzoea kusema kwa uso wa saa, kama wanavyofanya na wageni kwenye gari. Kwa Kiswahili hilo huchanganya, maana namba 3 kwenye uso wa saa sisi tunaisoma saa 9. Sema omo kwa mbele, tezi kwa nyuma, na kulia au kushoto. Nahodha atakuelewa mara moja.

3. Ukifika mita 300, punguza mwendo hadi boti isitoe mawimbi nyuma yake. Ni noti 6 au chini, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Usibadilishe gia ghafla. Kelele inayopanda na kushuka huwashtua kuliko mlio uliotulia.

4. Karibia kwa ubavu, ukitokea nyuma kidogo, na ukae sambamba nao. Usiwaendee uso kwa uso, wataona njia imezibwa. Usiwafuate moja kwa moja kwa nyuma pia, maana huko ndiko adui wa asili hutokea. Usikate kundi katikati, na usimtenge mama na mtoto hata kwa sekunde.

5. Kwa mita 50 za pomboo au 100 za nyangumi, toa gia. Mashine iendelee kunguruma taratibu ili wajue ulipo, na ili msipeperushwe kwenye mwamba mkihangaika kuiwasha. Wakija wenyewe karibu na boti, vizuri, baki palepale bila gia mpaka wapite. Mikono ndani. Pangaboi lisizunguke mnyama akiwa karibu, kwa sababu linaweza kumkata.

6. Ukimwona mtoto, zidisha umbali mara tatu: mita 150 kwa pomboo, 300 kwa nyangumi.

7. Hesabu boti. Tatu zinatosha kwa kundi moja, nazo zikae upande mmoja ili wanyama wawe na bahari wazi upande wa pili. Wewe ukiwa wa nne, subiri nje ya mita 300 au endelea na safari.

8. Tazama saa. Dakika 30 ndiyo mwisho, na boti nyingine zikiwa zinasubiri, 15. Hapa wengi huvunja ahadi kwa sababu mambo yanakuwa yamenoga. Mpe mtu mmoja kazi ya kushika saa tangu mwanzo.

9. Ondoka kama ulivyokuja, taratibu hadi mita 300, ndipo uongeze mwendo.

Nyangumi akizama, usikimbilie mahali unapodhani atatokea. Mara nyingi ataacha duara la maji laini, kama yamemwagiwa mafuta. Usipite juu yake. Toa gia usubiri. Mkubwa anaweza kukaa chini dakika 5 hadi 15, mtoto hupanda mapema zaidi. Kumbuka pia usalama wenu: mnyama wa tani 30 anayeruka hachagui pa kuangukia.

Kuwasoma

Pomboo waliolala hawafungi macho yote. Nusu ya ubongo hupumzika, nusu hukesha. Utawajua kwa kundi lililobanana, linalozama na kuibuka pamoja polepole, bila kuruka na bila sauti. Wageni hudhani kundi hilo ni baridi na humtaka nahodha aliamshe. Hapo ndipo pa kuondoka mapema kuliko popote. Kundi linalokwenda mstari mmoja linasafiri, na unaweza kwenda nalo sambamba dakika chache. Kundi linalozunguka ovyo chini ya ndege linakula. Usiingie kati, maana utawatawanya samaki.

Dalili kwamba umekwaza: wanageuka ghafla na kukupa mgongo, wanakaa chini ya maji muda mrefu kuliko mwanzo, wanapiga mkia juu ya maji mara kwa mara, wanambana mtoto katikati, au wanaruka chini chini kwa kasi kutoka ulipo. Moja ikitokea, ongeza umbali mara mbili. Mbili zikitokea, safari ya kundi hilo imekwisha. Usimwachie nahodha peke yake uamuzi huo. Yeye anawaangalia ninyi kuona kama mmeridhika. Mwambieni kwa sauti: «Nahodha, inatosha, tumewaona.»

Kwa nini hatushauri kuogelea nao

Kizimkazi hii ndiyo biashara kuu, na utaratibu wake ni uleule kila siku: boti inatangulia mbele ya kundi, watu wanarushwa majini, pomboo wanapiga mbizi, watu wanapandishwa, boti inatangulia tena. Kila mrusho mmoja ni kuwakatia njia mara moja. Ikirudiwa mara kumi na boti kumi, asubuhi nzima imekwisha bila mnyama kupumzika wala kunyonyesha. Na ninyi mmo hatarini: mashine zinazunguka karibu na vichwa, watu wa bara wengi hawajazoea maji makuu, na pomboo ni mnyama wa porini anayeweza kung'ata au kupiga mkia. Mkitaka kuingia majini, mwombeni nahodha awapeleke kwenye matumbawe ya maji mafupi baadaye. Samaki wa pale ni wazuri, na mnaweza kukaa saa nzima.

Ukimkuta amekwama au amenaswa

Adui mkubwa wa pomboo na nguva pwani yetu ni jarife, nyavu zinazotandazwa usiku. Ukimkuta amenaswa akiwa hai, usiruke majini na kisu. Mnyama mwenye hofu humzungusha mtu kwenye wavu uleule. Kaa karibu, piga simu hifadhi ya bahari, afisa uvuvi au kikundi cha ulinzi wa rasilimali za bahari cha kijiji, na muulize nahodha nani wa kupigiwa. Ndiyo maana namba hizo ni za kuandika kabla ya kutoka.

Aliyekwama mchangani akiwa hai: mfunike kwa vitambaa vilivyoloa, kanga zinafaa sana, na mmwagie maji mfululizo. Tundu la pumzi juu ya kichwa lisifunikwe wala lisiingie maji au mchanga. Mtengenezee kivuli. Chimba mashimo chini ya mapezi yake na uyajaze maji. Asivutwe mkia hata kidogo, mifupa yake huachana. Watu na mbwa wakae mbali, kelele zipungue, na msimrudishe baharini kabla ya mtaalamu kufika, kwa sababu mgonjwa hurudi tena ufukweni. Aliyekufa asiguswe kwa mikono mitupu wala asiliwe. Mpige picha akiwa na kitu cha kupimia pembeni, andika mahali na saa, toa taarifa. Aprili 2006 pomboo wapatao 400 walikufa ufukweni Nungwi kwa pamoja. Taarifa zikiwahi, sababu huweza kutafutwa.

Mkirudi ufukweni

Picha zenye faida ni za pezi la mgongoni, zilizopigwa kwa ubavu. Mikato ya ukingo wake hutofautiana kama alama za vidole, na watafiti huitumia kumtambua mnyama mmoja mmoja. Hifadhi tarehe, saa na mahali pamoja na picha. Picha ya mtu amemshika pomboo, hata kama ni ya rafiki yako, usiisambaze. Mteja wa kesho ataidai.

Kisha malipo. Lipa masaa yote mliyopatana hata kama mlirudi mapema kwa sababu kundi lilikuwa limelala. Bakshishi mpe nahodha mkononi, wenzake wakiwa wanaona, na useme sababu kwa sauti ya kawaida: «Hii ni kwa kuwa ulisimama mbali.» Ukiwa mwongozaji wa safari, chukua namba yake ya simu, na kikundi kijacho kutoka Arusha kipeleke kwake.